Vifaa vya usalama kwa mwendesha baiskeli mjini Mtwara: anza na breki

Kuanzia Oktoba, msimu wa korosho ukifunguka, barabara inayoingia Mtwara mjini kutokea Mikindani inakuwa na shughuli nyingine kabisa. Malori ya korosho yanawahi maghala na bandari. Ya makaa ya mawe yanashuka kutoka Ruvuma. Ya saruji yanatoka kiwandani Msijute. Katikati ya hayo yote yupo mtu wa baiskeli: muuza samaki mwenye ndoo kwenye keria, mwanafunzi anayekwenda shule, mlinzi anayewahi lindo la usiku. Mwongozo huu ni wake.

Msimamo wangu niuseme mapema. Kama hela haitoshi kununua kila kitu kwa mkupuo, na kwa wengi wetu haitoshi, hela ya kwanza iende kwenye breki na ya pili kwenye taa. Kofia ngumu ni muhimu na nitaieleza kwa kirefu, lakini kofia inaanza kazi pale ambapo umeshaanguka. Breki na taa ndizo zinazokuepusha kuanguka. Nakutana na baiskeli zilizopambwa vizuri, zina maua ya plastiki kwenye usukani na redio imefungwa kwenye fremu, halafu raba za breki zimekwisha hadi chuma kinakwaruza rimu. Hiyo hela ya redio ingetosha raba na ikabaki.

Hatua ya kwanza: jua baiskeli inatakiwa kuwa na nini

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, katika kifungu cha 44, umeorodhesha vitu ambavyo baiskeli inayoingia nchi nyingine lazima iwe navyo: breki inayofanya kazi, kengele inayosikika kwa umbali wa kutosha, kiakisi chekundu nyuma, na taa mbili, ya mbele nyeupe au ya njano, ya nyuma nyekundu. Orodha imeishia hapo. Hata kama baiskeli yako haijawahi kuvuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji, hicho ni kipimo kizuri cha chini kabisa, na hakuna kitu cha anasa ndani yake. Chukua baiskeli leo jioni, isimamishe uani, uikague kwa vitu hivyo. Ukikosa kimoja, hicho ndicho cha kununua kabla ya kingine chochote.

Kofia ngumu haimo kwenye orodha hiyo. Ivae hata hivyo, sababu zinakuja.

Hatua ya pili: breki

Baiskeli nyingi za huku ni zile za Phoenix na za Kihindi, zenye rimu za chuma na breki za vyuma: unabana mkono, fimbo inavuta, raba mbili zinapanda kugusa rimu kwa chini. Nyingine, za gia, zinatumia waya. Zote zinapimwa kwa namna moja.

Simama kando ya baiskeli. Bana breki ya mbele peke yake, halafu isukume baiskeli kwenda mbele kwa nguvu. Gurudumu la mbele linatakiwa ligome kabisa, na la nyuma lianze kuinuka. Kama gurudumu la mbele bado linazunguka, hata polepole, hiyo si breki. Sasa bana ya nyuma, sukuma tena: tairi la nyuma linatakiwa liburuzike chini bila kuzunguka.

Angalia mkono wa breki. Ukiubana ukagusa usukani kabla baiskeli haijagoma, breki imelegea, ikazwe. Kisha inama uzitazame raba zenyewe. Raba mpya ina mifereji iliyochongwa usoni. Mifereji ikishafutika, badilisha, usisubiri kusikia mkwaruzo. Mkwaruzo ukishaanza, chuma cha kushikia raba kinakula rimu, na rimu ni ghali mara nyingi kuliko raba. Kwa breki za waya, hakikisha pia raba inagusa rimu tu. Ikipanda kidogo ikagusa tairi, italikata taratibu hadi tyubu ipasuke ukiwa kwenye mwendo.

Ukifika kwa fundi mwambie wazi: "Fundi, badilisha zote nne." Ukibadilisha upande mmoja tu, raba hazitabana sawasawa.

Sisi tuko pwani, na hewa ya chumvi haina huruma na chuma. Kwa breki za waya, chunguza pale waya unapoingia kwenye mkono wa breki. Hapo ndipo nyuzi zinapoanza kukatika, moja moja, na kutu ikianza kuonekana ujue safari ya waya huo imekaribia mwisho. Unakatika siku ile unayobana kwa nguvu zaidi, yaani siku unayouhitaji. Kwa breki za vyuma, tia tone la mafuta kwenye viungo vya fimbo mara kwa mara, hasa kama unaishi Shangani au popote karibu na maji. Mafuta yasiguse rimu wala raba hata kidogo.

Mvua ni habari nyingine. Huku masika yetu ni marefu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hivi, na rimu ya chuma ikilowa breki inapoteza nguvu yake kwa kiasi kikubwa sana. Unabana, na baiskeli inaendelea kama hujabana. Kwa hiyo wakati wa mvua anza kubana kidogo kidogo mapema, mizunguko kadhaa kabla ya pale unapotaka kusimama, ili raba zifute maji kwenye rimu kwanza. Ndipo ubane kwa nguvu. Na mwendo upunguze tangu mwanzo.

Kuhusu ipi ibanwe: zote mbili kwa pamoja. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi kwa sababu ukifunga breki uzito mwingi unaegemea mbele. Wanaoiogopa na kutegemea ya nyuma peke yake wanahitaji umbali mrefu zaidi kusimama. Ila kwenye mchanga, na vichochoro vyetu vimejaa mchanga, ya mbele iguse kwa upole, maana gurudumu likiteleza hapo huna muda wa kulirudisha.

Na ile breki ya ndala, ya kukandamiza tairi kwa mguu, wazazi tuwakataze watoto. Inachelewa, na mguu unaweza kuingia kwenye spoku.

Hatua ya tatu: taa na viakisi

Mtwara iko kama nyuzi 10 kusini mwa ikweta, na giza letu halina subira. Jua likizama, dakika 20 hivi baadaye mwanga wa kuonea umekwisha. Mtu aliyetoka kazini bandarini mchana mweupe anaweza kufika Magomeni gizani.

Fikiria upande wa dereva. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa kisheria maeneo ya makazi, linakula karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akitumia sekunde moja na nusu kukuona, kuelewa na kukanyaga breki, ameshatembea mita 20 kabla gari halijaanza hata kupunguza mwendo. Lori lenye shehena linahitaji umbali zaidi ya hapo kusimama. Kwa hiyo swali si kama dereva atakuona. Ni atakuona ukiwa umbali gani.

Taa ya nyuma, nyekundu, ndiyo naipa kipaumbele, kwa sababu anayetoka nyuma yako huwezi kumwona wala kumkwepa. Wengi wanaifunga chini ya kiti, halafu wanapakia ndoo au gunia kwenye keria na taa inafunikwa yote. Ifunge chini ya keria au kwenye madigadi ya nyuma, mahali ambapo mzigo haufiki. Kisha rudi nyuma hatua kadhaa, inama usawa wa macho ya dereva wa bajaji, uhakikishe unaiona.

Taa ya mbele iwe nyeupe. Dinamo za zamani ni imara na hazitaki betri, lakini zina kasoro moja kubwa: ukipunguza mwendo zinafifia, ukisimama zinazima. Pale makutano, unaposubiri magari yapite, wewe unapotea gizani. Mwenye dinamo aongeze tochi ndogo ya kuchaji, aifunge kwenye usukani kwa kamba ya mpira. Iinamishe kidogo ioneshe barabara, isimpige mtu usoni. Na kamwe usiweke nyekundu mbele au nyeupe nyuma, maana dereva anazisoma rangi hizo kujua unakwenda au unakuja.

Viakisi ni bei rahisi na havihitaji betri. Kwenye maduka ya vipuri vya magari utapata tepu ile ya kiakisi inayobandikwa kwenye malori. Kipande kifupi kinatosha baiskeli nzima: nyekundu kwenye madigadi ya nyuma, nyeupe mbele, na vipande kwenye pedeli zote mbili. Hizo za pedeli usizidharau. Zinapanda na kushuka unapokanyaga, na dereva akiona mwanga unaopanda na kushuka anajua papo hapo kuwa huyu ni mtu wa baiskeli, si nguzo wala kibao. Kipande kwenye kisigino cha kiatu kinafanya kazi hiyohiyo.

Kuna wanaoning'iniza CD kuukuu nyuma ya baiskeli wakiamini ni kiakisi. Si kiakisi. CD inautupa mwanga pembeni kama kioo, isipokuwa ielekee gari moja kwa moja. Kiakisi cha kweli kimetengenezwa ili mwanga urudi kulekule ulikotoka, yaani machoni mwa dereva, hata kikiwa kimepinda kidogo.

Na vizibao vya rangi kali, ile njano ya kijani au chungwa inayowaka: rangi hiyo inafanya kazi mchana, kwa mwanga wa jua. Usiku haiwaki. Kinachowaka usiku ni ile mistari ya kijivu iliyoshonwa juu yake, inapopigwa na taa za gari. Kizibao kisicho na mistari hiyo hakikusaidii saa mbili usiku, na kilichokaa miaka juani hadi mistari ikachubuka kimeshakufa. Ukinunua, ijaribu mistari kwa tochi ya simu: shikilia simu karibu na jicho, washa, mwambie mwenzako asimame mbali akiwa amekishika kizibao. Ikiwaka kweli, lipa.

Hatua ya nne: kengele na saiti mira

Kengele iwe karibu na kidole gumba, uipige bila kuachia breki. Ipige mapema, mita kadhaa kabla ya kumfikia mtu. Ukiipiga ukiwa mgongoni mwake anashtuka na kuruka, mara nyingi anaruka kwenye njia yako. Honi za umeme za pikipiki siziungi mkono kwenye baiskeli. Zinashtua watu na mbuzi, na waenda kwa miguu wanadhani kinakuja chombo kikubwa.

Saiti mira haimo kwenye orodha ya lazima, lakini mjini naiona ina thamani kubwa. Kwa kuwa tunaendesha kushoto, ifunge upande wa kulia, huko ndiko magari yanakokupita. Hata ya bodaboda inakaa, ikikazwa na spana. Saiti mira haikuondolei kugeuza shingo kabla ya kukata kulia. Inakupa habari kabla hujageuka.

Hapa niseme jambo ambalo hakuna kifaa kinachoweza kulifidia. Semitrela likisimama kwenye makutano likiwa limewasha indiketa ya kushoto, usijipenyeze kushoto kwake hata kama nafasi ipo. Likikata kona, magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele. Yanakatiza kwa ndani, na ile nafasi uliyoingia inazibwa. Dereva kutoka kule juu hakuoni ukiwa ubavuni mwake. Kaa nyuma yake, mwache amalize.

Hatua ya tano: kofia ngumu

Mwaka 2016 watafiti wawili wa Australia, Jake Olivier na Prudence Creighton, walikusanya tafiti 40 zenye majeruhi wa baiskeli zaidi ya 64,000. Waliokuwa wamevaa kofia ngumu uwezekano wao wa kuumia vibaya kichwani ulikuwa pungufu kwa karibu asilimia 70 ukilinganisha na wasiovaa. Kwa kitu chenye uzito wa gramu 300 hivi, hiyo ni faida kubwa.

Kinachokulinda si lile ganda la nje linalong'aa. Ni povu gumu la ndani. Ukigonga lami, povu linabonyea na kumeza kishindo ambacho vinginevyo kingekwenda kwenye fuvu. Likishabonyea halirudi. Kwa hiyo kofia iliyopata ajali moja imemaliza kazi yake hata kama kwa nje inaonekana nzima. Ipasue kabla ya kuitupa ili mtu asiiokote akaivaa.

Hilo ndilo linalonifanya niwe mkali kwenye kofia za mtumba. Zipo nzuri, na bei yake inavutia, lakini ikague kama unavyokagua yai. Toa vitambaa vya ndani, angalia povu lote juani, tafuta ufa, hata mwembamba kama unywele. Bonyeza kwa kidole gumba. Sehemu iliyolainika au iliyoingia ndani ni ishara kwamba imeshagongwa. Angalia kibandiko cha ndani: EN 1078 ni kiwango cha Ulaya, CPSC ni cha Marekani. Kisipokuwepo, iache. Mara nyingi kuna pia tarehe ya kutengenezwa, na ya zamani sana mwachie muuzaji.

Saizi: chukua utepe wa fundi cherehani, zungusha kichwa juu kidogo ya nyusi, soma sentimita, linganisha na namba zilizoandikwa ndani ya kofia. Ukishaivaa, ukingo wa mbele uwe vidole viwili juu ya nyusi, paji la uso lifunikwe. Wengi wanaivaa imeegemea kisogoni, na mtu akianguka kifudifudi paji lote liko wazi. Mikanda ikutane chini kidogo ya sikio, na ule wa kidevuni uache nafasi ya kidole kimoja au viwili. Kisha tikisa kichwa bila kufunga mkanda. Ikicheza, ni kubwa.

Mwenye hijabu au kofia ya kitambaa avae nyembamba, isiyo na fundo nyuma wala pini juu, kwa sababu fundo linaiinua kofia ngumu na pini inaweza kukuchoma ukianguka. Pima saizi ukiwa umeshavaa kitambaa chako.

Helmeti ya ujenzi si mbadala. Imetengenezwa kwa ajili ya kitu kinachodondoka kutoka juu, na ukianguka kwa ubavu inatoka. Ya bodaboda inalinda, lakini ni nzito, na kwa joto la Mtwara mtu anayekanyaga pedeli kutoka Naliendele ataivua njiani na kuining'iniza kwenye usukani, ambako haimlindi yeyote. Kama ndiyo uliyo nayo tu, ivae, huku ukitafuta ya baiskeli.

Hatua ya sita: nguo, viatu na mnyororo

Mguu wa suruali wa kulia ndio unaoliwa na mnyororo. Ukunje, au ufunge kwa kipande cha tyubu. Mwenye kanzu aipandishe na kuifunga kiunoni. Abiria aliyevaa kanga au buibui akusanye ncha zote azikalie. Kanga ikidakwa na spoku inavutwa kwa kasi ambayo mkono hauwezi kushindana nayo, na anayevutwa nayo ni yule aliyeivaa, mwili wote. Kava la mnyororo lililokuja na baiskeli usilitupe kwa sababu linagonga gonga. Fundi anaweza kulinyoosha.

Ndala zinateleza kwenye pedeli zilizolowa. Kiatu cha kufunga, hata raba ya mtumba, ni bora zaidi. Wakati wa kusi, upepo ukipeperusha mchanga, vaa miwani. Usiku iwe isiyo na rangi.

Hatua ya saba: kila asubuhi

Bana breki zote mbili. Bonyeza matairi kwa kidole gumba. Tikisa usukani na magurudumu, sikiliza kama kuna kinachocheza. Piga kengele. Washa taa hata kama ni asubuhi, maana betri hufa mchana na wewe unagundua usiku. Haizidi dakika moja.

Hatua ya nane: mzigo na mtoto

Mzigo usizidi upana wa usukani kwa kila upande, na ufungwe kwa mipira ya tyubu iliyopishana, si kamba moja. Gunia zito likikaa nyuma kabisa ya keria, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani unayumba, kwa hiyo lisogeze mbele hadi liguse kiti. Baada ya kupakia, pima breki upya. Breki iliyokutosha ukiwa peke yako inaweza isitoshe ukiwa na madumu mawili ya maji.

Mtoto kwenye keria ni jambo linaloniuma. Miguu yake inaning'inia karibu na spoku, na pale anaposinzia au anapogeuka kutazama kitu, kisigino kinaingia. Jeraha hilo linachubua ngozi hadi nyama, linaweza kuvunja mfupa, na linapona polepole. Dawa yake unaweza kutengenezewa na fundi kwa siku moja. Kata ubavu wa dumu kuukuu la plastiki, vipande viwili, uvifunge kwa waya pande zote mbili za gurudumu la nyuma kuanzia keria hadi chini ya usawa wa miguu ya mtoto. Kisha fundi achomelee vyuma viwili vifupi vya kukanyagia. Funga na kijimto kwenye keria, na mshikio nyuma ya kiti chako, maana mtoto aliyeshika shati lako hajashika kitu. Naye apewe kofia ngumu ya saizi yake. Ya mtu mzima inamwangukia machoni.

Na mtoto ambaye bado hawezi kukaa mwenyewe na kushika njia nzima asipande keria kabisa. Mbebe mgongoni, kokota baiskeli, mtembee.